Michezo ya desimali darasani: visoda, mizani na kina cha Ziwa Tanganyika

Wasichana wawili wa darasa la tano walikuwa wamekaa sakafuni, kila mmoja na visoda vyake mbele. Mmoja alikuwa ameunda 0.6, mwenzake 0.45. Huyu wa pili akavuta visoda vyote upande wake kwa furaha ya ushindi, na yule wa kwanza akamwachia bila neno. Nilikuwa napita. Nikauliza, "Nani kashinda?" Aliyevuta akanijibu bila kusita, "Mimi, Mwalimu. Arobaini na tano na sita, ipi kubwa?"

Nilikuwa nimewafundisha desimali kwa wiki mbili. Daftari la msichana yule lilikuwa na vema nyingi, kwa sababu hesabu zote nilizompa zilikuwa na tarakimu mbili baada ya nukta, na ukilinganisha 0.45 na 0.60 kwa kuzisoma kama namba nzima unapata jibu sahihi. Kosa lilikuwa limejificha ndani ya vema. Lilitoka siku ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeamua tarakimu ikae wapi.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kufundisha mada hii, na mwongozo huu unatokana na miaka ya kuijaribu katika shule ya msingi hapa Kigoma, darasa la watoto themanini na zaidi, madawati pungufu na kipindi cha dakika 40. Michezo ninayoieleza si zawadi ya Ijumaa baada ya kazi kuisha. Ndiyo kazi yenyewe. Kila mchezo una mahali ambapo mtoto lazima aamue, aseme kwa nini, na aandike. Mchezo usio na hayo matatu, hata ukichangamsha darasa vipi, niliuacha.

Kabla ya mchezo wowote: namna ya kusoma

Anza na ulimi. Sisi wenyewe walimu husoma 3.25 kama "tatu nukta ishirini na tano". Tukisema hivyo tumeshamfundisha mtoto kwamba baada ya nukta kuna namba nzima nyingine inayojitegemea, na tusishangae akisema 3.25 inaizidi 3.7 kwa kuwa ishirini na tano inaizidi saba. Soma "tatu nukta mbili tano". Ukitaka kutaja thamani, sema "tatu na sehemu ishirini na tano za mia". Mwanafunzi anayeteleza asikemewe, wenzake wamrudishie tu: "mbili tano". Kwangu ilichukua kama wiki mbili mpaka darasa zima likazoea, na mimi nilikuwa wa mwisho kuzoea.

Jambo la pili la ulimi: watoto wengi huiita nukta "pointi". Ukicheza mchezo wa kuhesabu pointi utasikia "nina pointi mbili pointi tano" na hutajua mtoto ana nini. Kwa hiyo alama za mchezo tunaziita magoli. Kila mtu anajua goli ni nini.

La tatu ni la mkoa huu hasa. Darasani kwako kunaweza kuwa na mtoto aliyeanza shule Burundi au Kongo, ambako hufuatwa mtindo wa Kifaransa: badala ya nukta huandikwa koma, 2,5 na siyo 2.5. Mtoto huyo hajakosea, ametoka kwenye mwandiko mwingine. Shida kubwa ni pale anapokutana na 1,470 kwenye kitabu chetu. Kwetu hiyo ni elfu moja mia nne na sabini. Kwake inaweza kuwa moja na sehemu za elfu. Mweleze mapema, ikiwezekana mbele ya wote, na kwa heshima, maana wenzake nao watajifunza kwamba nukta ni makubaliano ya watu. Nilikuwa na mvulana wa namna hii aliyepewa makosa mfululizo muhula mzima kabla hajapata mtu wa kumuuliza alikoanzia shule.

Na usitegemee fedha. Vitabu vya zamani vilifundisha desimali kwa shilingi na senti, na ilikuwa njia nzuri wakati senti zikiwa mfukoni. Mtoto wa leo hajawahi kushika senti. Anachokijua ni mizani ya dukani, kipimo cha lita, futi ya fundi cherehani, na kifurushi cha GB 1.5 kwenye simu ya kaka yake. Tafuta desimali huko.

Vifaa

Kwa kila kundi la watoto wanne unahitaji visoda 10 vya soda, visafishwe na viandikwe tarakimu 0 hadi 9 kwa maka peni, upande wa ndani ambako hapachubuki haraka. Piga mstari chini ya 6 na chini ya 9. Usipofanya hivyo utatumia nusu ya kipindi kuamua ugomvi. Weka visoda kwenye soksi kuukuu au mfuko wa kitambaa ili mtoto achomoe bila kuona. Kama visoda hakuna, kata vipande vya boksi la sabuni.

Nukta yenyewe iwe kitu kinachoshikika. Mimi natumia punje ya harage. Punje inawekwa sakafuni kwanza, kabla ya tarakimu yoyote, na haihamishwi tena. Mtoto anayeona harage limetulia na tarakimu zikipangwa kulia na kushoto kwake anaelewa kitu ambacho ubao hauonyeshi vizuri: kwamba nafasi ndizo zilizopo, tarakimu ni wageni wanaokuja kukaa.

Chora kwa chaki sakafuni, au kwa kijiti mchangani nje, nafasi tatu: mamoja, kisha harage, kisha sehemu za kumi, kisha sehemu za mia. Inatosha kuanzia.

Mchezo wa kwanza: Jaza nafasi

Huu ndio nilioutumia kuliko yote, na kama mwalimu ana muda wa mchezo mmoja tu muhula mzima, achukue huu.

1. Kundi la wanne ligawanyike wawili kwa wawili. Katika kila jozi mmoja anapanga, mwenzake anaandika.
2. Kila jozi ina nafasi tatu (moja kabla ya harage, mbili baada yake) na pembeni kisanduku cha nne kiitwacho jalala.
3. Mtu mmoja anachomoa kisoda na kukitaja kwa sauti. Kila jozi inaamua tarakimu hiyo iende nafasi ipi, inaiandika kwa chaki, na hairuhusiwi kuifuta.
4. Kisoda kilichochomolewa hakirudi mfukoni. Vichomolewe vinne. Tarakimu moja itaishia jalalani.
5. Jozi zisome namba zao kwa ulimi sahihi. Mwenye namba kubwa kapata goli, ila kwanza aseme kwa nini ni kubwa, akianzia nafasi ya kushoto.

Uamuzi wote uko kwenye hatua ya tatu. Kisoda cha kwanza kikiwa 9 hakuna cha kufikiri, na kikiwa 0 kinakwenda jalalani. Lakini ikitoka 6? Mwenye pupa ataiweka kwenye mamoja. Mwenye subira ataiweka kwenye sehemu za kumi na kungoja kubwa zaidi. Katika visoda tisa vilivyobaki ni vitatu tu vinavyoizidi 6, lakini bado kuna kuchomoa mara tatu, na mara nyingi mmojawapo wa hao watatu hutokea. Nimeona watoto waliokuwa hawafungui mdomo kwenye hisabati wakinong'onezana kwa dakika nzima juu ya 6 moja. Wanachojadili ni thamani ya nafasi, mada ambayo ubaoni huwachosha.

Baada ya siku mbili tatu badilisha shabaha. Leo anashinda mwenye namba ndogo. Kesho anashinda aliye karibu zaidi na 5. Hili la mwisho lina utamu wake, kwa sababu sasa haiwezekani kujua mshindi kwa kutazama. Jozi moja ina 4.95 na nyingine 5.04. Lazima watoe: 5.00 − 4.95 ni 0.05, na 5.04 − 5.00 ni 0.04. Wametoa desimali bila mtu kuwaambia kwamba sasa tunaingia mada ya kutoa.

Ukishaona wanashinda kwa hoja na si kwa bahati, wape jozi moja nafasi mbili na nyingine nafasi nne, ili zigongane namba za urefu tofauti kama 7.3 na 7.123. Hapo ndipo kosa la msichana wangu wa 0.45 linatoka kwa wote walio nalo. Kuna na kosa la pili lililo kinyume chake: mtoto aliyesikia kwamba sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi anadhani kila namba ndefu ni ndogo, hivyo 0.3 inaizidi 0.48. Kwenye mtihani watoto hawa wawili wanaweza kupata alama sawa. Kwa kuwasikiliza wakitaja sababu utawatenganisha, na dawa yao ni moja: wajaze sifuri mwishoni hadi namba zilingane urefu, 0.30 na 0.48, kisha waulizwe tena.

Mchezo wa pili: Kuzamia

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na duniani ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Kwa kilomita hiyo ni 1.47. Watoto wa Kibirizi na Katonga, ambao baba zao hushinda juu ya maji hayo, hunyamaza kidogo wanaposikia namba hii kwa mara ya kwanza. Acha wanyamaze, kisha chora mstari wa kusimama ubaoni, juu ukiandika 1.47 na chini 0.

Kila jozi iko juu ya maji na imebakiwa na kilomita 1.47 kufika chini. Zamu ikifika, jozi inachomoa visoda viwili na kuunda desimali ya 0 nukta kitu kitu, kwa mpangilio inaoutaka. Ikitoka 3 na 8, wanachagua 0.38 au 0.83. Wanatoa kwenye kilichobaki. Visoda vinarudi mfukoni. Kila jozi inazamia mara nne, haina ruhusa kuruka zamu, na ikiwa namba zote mbili zinazowezekana zinazidi kilichobaki, zamu hiyo imepotea. Aliyebakiwa na kidogo zaidi baada ya mara nne ndiye mshindi.

Huu hapa mchezo mmoja nilioufuatilia mwanzo hadi mwisho. Visoda vya kwanza 4 na 2, wakachagua 0.42, wakabakiwa na 1.05. Vya pili 6 na 3, wakachagua 0.36. Mwandishi akaandika jibu 1.31.

Sikusema kitu. Mwenzake akatazama mchoro ubaoni, akatazama daftari, akasema, "Mbona tumepanda?"

Mwandishi alikuwa amefanya kosa linalojulikana na kila mwalimu: kwenye kila safu alitoa kidogo katika kikubwa, 6 kutoa 5, 3 kutoa 0, bila kujali ipi iko juu. Kwenye karatasi ya mazoezi 1.31 inaonekana jibu zuri tu. Ndani ya ziwa mtu anayezama hawezi kuwa juu kuliko alipoanzia. Wakarudia, wakakopa, wakapata 0.69. Zamu ya tatu wakapata 0 na 9. Ile 0.90 ingewavusha, wakatumia 0.09, wakabakiwa na 0.60. Ya nne 5 na 8, wakachukua 0.58. Wakabakiwa na 0.02, na nikawauliza hiyo ni mita ngapi. Ishirini. Mita ishirini kufika chini kabisa ya Tanganyika. Walipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia.

Ukitaka kugeuza mchezo uwe wa kujumlisha, waanzie chini na kupanda hadi 1.47 juu ya maji. Kanuni ni zile zile. Hapa angalia jinsi wanavyopanga kwa wima: nukta chini ya nukta. Anayepanga kwa kulinganisha mwisho wa kulia, kama alivyozoea kwenye namba nzima, ataweka 5 ya 0.5 chini ya 2 ya 0.42 na kupata 0.47. Mrudishe kwenye harage. Harage moja, mistari yote miwili.

Mchezo wa tatu: Pima kwa jicho

Huu unahitaji mizani. Niliazima kwa mwenye duka la karibu na shule, mizani ya kidijitali inayoonyesha kilo kwa nafasi mbili za desimali, kwa ahadi ya kuirudisha kabla ya saa nane. Kama utapata mizani ya saa, yaani ile yenye mshale, inafaa pia, ila watoto wazoeshwe kwanza kusoma vimistari vyake.

Jaza vifurushi sita kwa vitu tofauti: mchanga, maharage, chumvi ya Uvinza, majani makavu. Tofauti ya vitu ni muhimu, maana majani mengi huwa mepesi na chumvi kidogo huwa nzito, na mtoto asipate mazoea ya kutazama ukubwa wa kifurushi. Vipime peke yako, andika majibu kwenye karatasi ufiche. Kila kundi linashika kila kifurushi, linajadiliana, linaandika makisio. Kisha unasoma uzito halisi, na kundi linatoa kupata tofauti. Tofauti za vifurushi vyote zinajumlishwa. Mwenye jumla ndogo ndiye mwenye jicho.

Hesabu inayojitokeza hapa ni ile inayowashinda wengi. Kundi limekisia 1.5, uzito ni 1.35. Watoe 1.5 − 1.35. Lile 5 la mwisho halina mwenzake juu, na nusu ya darasa italishusha kama lilivyo na kupata 0.25. Usikimbilie kueleza. Waulize: kutoka 1.35 hadi 1.50 ni hatua ngapi? Watahesabu kwa vidole, moja nukta nne, moja nukta nne tano, moja nukta tano, na watafika 0.15 wenyewe.

Siku moja nilimwomba mama mmoja anayeuza dagaa aje darasani na mizani yake. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo mama!" Akaitikia, akaweka dagaa kwenye sahani ya mizani, akasema "kilo na robo hiyo" kabla mshale haujatulia. Ulisimama palepale, 1.25. Mvulana mmoja akamuuliza, "Mama, umejuaje?" Akamjibu, "Mwanangu, mkono wangu umepima kabla ya mizani." Kisha akawauliza wao robo tatu inaandikwaje, na hakuna aliyejibu upesi. Robo, nusu na robo tatu wanazisikia kila siku sokoni, lakini hawakuwa wameziunganisha na 0.25, 0.5 na 0.75. Baada ya siku ile ziliungana.

Mchezo wa nne: Kuruka, na kosa nililolifanya mimi

Peleka darasa uwanjani na futi ya kamba yenye mita na sentimita. Kila kundi liwe na mrukaji, wapimaji wawili na mwandishi. Waruke kwenda mbele, wapime, waandike kwa mita. Ndiyo mchezo mzima.

Ninaueleza kwa sababu ya kitu kimoja. Kwenye mashindano ya mabweni, enzi nilizokuwa nafundisha shule ya bweni, nilikuwa mwandishi wa matokeo. Mvulana mmoja aliruka mita 3 na sentimita 8. Nikaandika 3.8. Mwingine akaruka mita 3 na sentimita 65, nikaandika 3.65. Nilipopanga matokeo jioni nilimpa zawadi wa kwanza. Wa pili alikuja kuniambia, kwa adabu, kwamba mguu wake ulitua mbali kuliko wa mwenzake na kila mtu aliona. Nikafungua karatasi, nikamwonyesha 3.8 na 3.65, nikamweleza ipi kubwa. Nilimweleza vizuri sana jambo lisilokuwa kweli. Ilipita wiki ndipo nilipogundua, na sikuweza kuirudisha zawadi.

Sentimita 8 ni 0.08 ya mita. Matokeo yalikuwa 3.08. Sifuri ile ya katikati inashikilia nafasi ya sehemu za kumi wakati hakuna kitu pale, na mtoto (au mwalimu) asiyeiandika anamwongezea mtu sentimita 72 ambazo hakuruka. Kwa hiyo uwanjani hakikisha angalau mruko mmoja unaangukia sentimita chini ya kumi. Ukiona hautokei, sogeza mstari wa kuanzia. Wacha waandike wanavyojua, wapange washindi kwa namba, halafu warudi mchangani kutazama alama za miguu. Namba zikisema hivi na mchanga vile, watatafuta wenyewe aliyekosea.

Mkiwa bado na hamu ya riadha, wape hesabu ya Filbert Bayi. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Nyuzilandi, Mtanzania huyu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 32.16. Aliyemfuata, John Walker wa Nyuzilandi, alimaliza kwa dakika 3 sekunde 32.52. Waulize walitofautiana kwa sekunde ngapi (0.36), na je, mwenye namba kubwa ndiye aliyeshinda? Kwenye kuruka kubwa hushinda, kwenye kukimbia ndogo. Waonye hapo hapo kwamba dakika na sekunde haziunganishwi kwa nukta ya desimali. Saa huandikwa 2.30 kwenye matangazo mengi, lakini saa mbili na nusu kwa desimali ni 2.5, kwa sababu saa ina dakika 60 na si 100.

Kuzidisha: Nukta imepotea

Tukifika kwenye kuzidisha, kanuni ya kuhesabu nafasi za desimali watoto huikariri haraka na kuisahau haraka. Kabla ya kuwapa kanuni, cheza hivi. Andika ubaoni jibu moja kubwa lililokamilika:

347 × 26 = 9022

Kisha andika chini yake hesabu zilizo na nukta, lakini majibu hayana: 3.47 × 2.6, halafu 3.47 × 26, halafu 0.347 × 26, halafu 34.7 × 2.6. Tarakimu za jibu ni zile zile 9022 kila mara. Kazi ni kuirudisha nukta mahali pake, na hairuhusiwi kuzidisha upya. Kila kundi linajadili, mjumbe wake anakimbia ubaoni na punje ya harage, anaishikilia mahali anapoona inafaa, na anatoa sababu kwa makadirio: "3.47 ni kama tatu na nusu, 2.6 ni kama mbili na nusu, jibu liko kwenye nane au tisa, basi 9.022." Anayesema "kwa sababu nafasi ni tatu" hapati goli siku hiyo, hata kama jibu ni sahihi. Atalalamika tu. Majibu mengine ni 90.22, 9.022 tena, na 90.22 tena, na marudio hayo yamewekwa makusudi, ili waulizane kwa nini 3.47 × 2.6 na 0.347 × 26 zinaleta kitu kimoja.

Kuna imani moja ngumu kuing'oa: kwamba kuzidisha hukuza na kugawanya hupunguza. Kwa hilo tumia kikokotoo cha simu yako, kimoja kinatosha darasa zima. Andika namba ya kuanzia, tuseme 37. Shabaha ni kufika kati ya 100 na 101. Makundi yanapeana zamu, na kitendo kinachoruhusiwa ni kuzidisha peke yake. Kundi la kwanza likasema mara 3, ikawa 111. Imevuka. Wakanitazama. "Mwalimu, tumekwama, haturudi tena." Nikawaacha. Baada ya muda sauti kutoka nyuma ikasema, "Mara nukta tisa." Nikabonyeza, 99.9. Darasa likalipuka, wengine wakidhani simu imeharibika. Kundi lililofuata likasema mara 1.01, ikatoka 100.899, goli. Siku nyingine fanya hivyo hivyo kwa kugawanya peke yake, waone namba ikikua ukigawanya kwa 0.5. Sina mchezo mzuri zaidi ya huo kwa kugawanya. Mazoezi ya kugawanya kwa njia ndefu bado nayafanya kwa daftari na kalamu.

Kuendesha yote haya ndani ya dakika 40

Darasa kubwa linawezekana likipangwa siku moja kabla. Makundi yawe ya kudumu mwezi mzima, kila kundi na mahali pake, sakafuni, barazani au chini ya mwembe. Changanya uwezo, lakini usiweke mtoto mwepesi kuliko wote na mzito kuliko wote kwenye jozi moja, maana mwepesi atacheza peke yake. Dakika tano maelekezo, ishirini na tano mchezo, kumi za mwisho kila mtu kwenye kiti chake na daftari lake, akijibu maswali mawili yanayotokana na mchezo, bila jozi. Hayo ndiyo unayoyasahihisha.

Wakati wa mchezo wenyewe usisahihishe. Beba karatasi, zunguka, andika ulichosikia: nani anasoma "arobaini na tano", nani anasahau sifuri, nani anangoja mwenzake aamue. Makundi ishirini huwezi kuyafikia yote kwa siku moja, kwa hiyo panga matano kwa kipindi. Kelele zitakuwepo. Ongea na mwalimu wa chumba cha pili mapema, na siku za mtihani wake cheza nje.

Atakuwepo anayeshindwa kila siku. Usimwonee huruma kwa kumpa goli la bure, atajua. Mrudishe kwenye Jaza nafasi kwa shabaha ya namba ndogo, ambako waliozoea kushinda huchanganyikiwa kwa siku moja mbili, na yeye huanza sawa na wenzake.

Dakika mbili kabla ya kengele kila kundi lihesabu visoda vyake kwa sauti, sifuri hadi tisa, na lirudishe mfuko mezani. Mfuko wenye visoda tisa haupokelewi mpaka cha kumi kipatikane.